Picha za Visiwani, Mazishi ya Buffalo

Mama yangu alifariki siku ya tatu ya safari yangu ya Amerika Kusini. Mimi nilipata habari siku ya kumi na mbili, nikiwa nimesimama sebuleni kwangu Louisville na kofia ya ukindu kichwani, ile wanayowauzia watalii. Kati ya siku hizo mbili nilipanda milima, nikala simbilisi wa kuchoma, nikapiga picha na kobe mkubwa kuliko meza yangu ya kulia, nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Nasema mapema ili mtu asisome akitumaini kwamba niliwahi. Sikuwahi.

Chanzo ni mdomo wangu. Nina mdomo, sikatai. Hata kambini Tanzania, kwenye foleni ya maji, wanawake wenye nguvu kunishinda walinipisha kwa sababu ya mdomo huu. Tulipoletwa Marekani karatasi ziliamua nani aende wapi: Mama na dada yangu wakapelekwa Buffalo, mjomba wetu Columbus, mimi Louisville. Mama alikaa na dada yangu na watoto wake ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, West Side. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na mara tatu kwa wiki gari lilimchukua kwenda kusafishwa damu. Mimi nilianza na kupanga maboksi kwenye werehausi South End, mgongo ukagoma, nikahamia kazi ya kutunza wazee. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nikimtunza bibi mmoja mzungu, mjane, aliyepita miaka themanini.

Wiki mbili kabla ya safari Mama alinipigia simu. Hakuwa mtu wa kupiga. Alipigiwa namba na mjukuu.

"Nasikia unampeleka mzungu wako kutembea."

"Ndiyo, Mama. Ananipeleka yeye, siyo mimi."

"Mzungu unamwogesha. Unamfuta mavi. Mimi mama yako, nani ananifuta?"

Nilikuwa nimetoka shifti ya saa kumi na mbili mfululizo. Miguu imevimba, tumbo tupu, na dada yangu nilimsikia nyuma ya simu akiguna, ule mguno wake wa kuchochea. Nikasema:

"Yule ananilipa."

Basi. Maneno mawili. Mama aliongea nasi Kiswahili akiwa na subira, na Kirundi akiwa ameumia. Alisema "urakoze," yaani asante, akampa mjukuu simu akate.

Nilijua pale pale nilichofanya. Lakini kwetu neno kama lile halifutwi kwa simu. Mtu anakwenda mwenyewe, amebeba kitu mkononi, anapiga magoti mbele ya mzazi na watu wa nyumbani wakiona, anasema nimekosa. Kuomba msamaha kwa simu ni kama kumtupia mtu chakula dirishani. Kwa hiyo nikajiambia: nitasafiri, nitarudi, nitakwenda Buffalo moja kwa moja na kitenge kizuri, nitapiga magoti. Wiki mbili nzima sikupiga simu, yeye hakupiga. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa kiburi pia, na niliogopa ile sauti yake ya Kirundi.

Mtu ataniuliza, kwa nini usingeacha safari? Nitajibu ukweli: nilitaka kwenda. Nilitaka mno. Nimekulia kambini, mahali ambapo kutoka nje ya geti kutafuta kuni ilibidi uwe na kibali, na ukikamatwa bila kibali unalala ndani. Sasa nilikuwa nimeapa uraia, paspoti yangu mpya ilikuwa na miezi minne, bado inanukia gundi. Maisha yangu yote nimevuka mipaka nikikimbia. Nilitaka kuvuka mmoja huku nimevaa miwani ya jua.

Bibi yangu wa kazi alikuwa katibu wa shule miaka arobaini, mwembamba, mkavu, mwenye kidole cha kuamrisha. Wanawe wawili walimwambia amezeeka, asiende popote. Akawaambia, nitakwenda na huyu, ana mikono yenye nguvu kuliko ninyi. Alitaka kuona wale wanyama wa visiwa vya Galapagos wasioogopa watu, kabla hajafa. Nilipomuuliza kwa nini hao, alisema amechoka na viumbe wanaomwogopa. Nadhani alikuwa anawasema wanawe.

Tulishukia mji mkuu wa Ekuador, ulio juu milimani, hewa yake nyepesi. Mimi ndiye niliyeugua! Bibi wa miaka themanini na kitu alikunywa chai ya majani yao, akajipaka poda, akashuka kwenda kula. Mimi mwenye mikono yenye nguvu nililala sakafuni bafuni kichwa kinapasuka, nafasi ya hewa kifuani imekuwa ndogo kama kikombe. Alirudi akanisimamia juu na fimbo yake.

"Nimekulipia nauli unitunze," alisema. "Siyo nikutunze."

Kisha akaniletea chai hiyo hiyo na kunisubiri hadi niimalize. Alikuwa hivyo. Alichoma kwanza, halafu akaleta dawa.

Siku ya pili dereva alitupeleka kwenye mji mdogo wa sokoni, mwendo wa saa mbili kaskazini. Pale ndipo nilipoingiwa na kitu ambacho hadi leo sina jina lake. Nilitoka Burundi nikiwa mgongoni. Sikumbuki hata jiwe la kule. Burundi yangu ni maneno ya Mama: vilima vimebanana, baridi ya asubuhi, ukungu unalala bondeni, mikaratusi, mashamba ya viazi yamepanda hadi kileleni, wanawake wanashuka sokoni na watoto migongoni. Aliyasema kambini, kwenye joto na vumbi jekundu, nasi tukamwona mwongo. Sasa niko upande wa pili wa dunia, nashuka kwenye gari, na ile harufu ya mikaratusi inaniingia puani. Vilima vile vile. Viazi. Ukungu. Mwanamke mwenye kofia nyeusi amefunga mtoto mgongoni kwa kitambaa, fundo kifuani, namna ile ile Mama alivyotufunga. Na pembeni mama mmoja anageuza simbilisi kwenye makaa, wamechomekwa vijiti, meno nje. Nilicheka kwa sauti. Kambini tulifuga simbilisi chini ya kitanda! Bibi yangu aligeuza uso. Mimi nikanunua mzima, nikamtafuna pale pale nimesimama, mafuta yananitiririka kidevuni, machozi yakinitoka.

Nikatoa simu nikamrekodia Mama ujumbe wa sauti, kwenye Watsapu. Nilisema, "Mama, nimeiona Burundi yako, iko huku kwa watu wengine. Hukutudanganya." Nikamweleza vilima, viazi, simbilisi. Nikamtania kwamba wanawake wa huku wana kofia nzuri kuliko leso yake ya kanisani. Dakika moja na nusu. Msamaha sikuomba. Ule niliuhifadhi, wa magoti.

Zile alama mbili zikageuka buluu jioni ile ile. Mtu alikuwa ameusikiliza. Jibu halikuja, nami sikushangaa. Mama hakujua kusoma wala kuandika, majibu yake yote aliyaandika dada yangu au mjukuu, wakipenda. Kesho yake, akiwa kwenye kiti cha kusafishwa damu, presha ya Mama ilishuka na haikupanda tena. Mimi saa ile nilikuwa kwenye gari la kamba linalopanda mlima, bibi amenishika mkono kwa woga, namcheka.

Sasa niwaeleze mila yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani. Mtu aliye peke yake ugenini akipata habari ya kifo anaweza kuanguka, kujitupa, kufanya lolote, na hakuna wa kumshika. Kwa hiyo anafichwa. Akipiga simu anaambiwa wote wazima. Wanasubiri afike nyumbani, watu wanakusanyika, anaketishwa, analishwa kwanza, ndipo mkubwa mmoja anamwambia. Nimeifanya mwenyewe kwa wengine zaidi ya mara moja. Mjomba alipofika Buffalo kutoka Columbus, aliwakusanya wote akawaambia: mtoto yuko mbali, pamoja na wazungu, hana mtu. Akiuliza, semeni Mama amelala.

Amelala. Hilo tu ndilo aliloamuru.

Siku ya nne tuliruka kwenda visiwani. Bibi alikuwa sahihi kuhusu wale wanyama. Simba wa bahari wamelala kwenye mabenchi ya watu kituo cha boti, na watu wanasimama. Mijusi weusi wamerundikana juu ya mawe wanapiga chafya ya chumvi. Ndege anakutazama usoni, hasogei, wewe ndiye umpishe. Bibi alikaa kwenye jiwe karibu na simba wa bahari mmoja, wakatazamana saa nzima, na uso wake ukawa wa msichana. Mimi zilinishika hasira nisizozijua. Kiumbe asiyemwogopa mtu! Nilitaka kupiga makofi mbele ya uso wake nimwambie, ogopa mjinga wewe, ogopa.

Siku ya sita tulikwenda kisiwa cha ndege. Aliyetuongoza alikuwa mama wa visiwa hivyo hivyo, mkali, na sheria yake ilikuwa moja: usiguse. Tulifika kwenye kiota, kama ni kiota. Ni duara tu la kinyesi cheupe chini kwenye mawe. Ndani yake ndege mkubwa mweupe na kinda moja lenye manyoya. Nje ya duara, hatua moja tu, kinda jingine dogo, uchi, shingo haishiki. Mama mwongozaji akaeleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza mara elfu. Ndege huyu hutaga mayai mawili. Wa kwanza akianguliwa, humsukuma mdogo wake nje ya duara. Na mama yao? Mama yao akimwona nje ya duara hamtambui tena kuwa ni wake. Anamwangalia anakufa.

Kweli alikuwa anamwangalia. Mdomo wake ungemfikia bila kuinuka.

"Mrudishe," nikamwambia yule mwongozaji.

"Haturuhusiwi."

Nilikuwa na fimbo ya bibi mkononi. Nikainama, nikalisukuma lile kinda kwa mpini, taratibu, hadi likaingia duarani. Wee! Yule mama alinifokea kwa Kihispania na Kiingereza pamoja, watalii wote wakageuka, mwanamume mmoja akanipiga picha. Bibi yangu alinyoosha mkono kudai fimbo yake. Na kabla hajamaliza kuifuta kwa leso, kinda kubwa lilikuwa limeshamng'ata mdogo wake shingoni na kumtoa tena nje. Mara hii lilimtoa mbali zaidi. Nilirudi kwenye boti nikatapika, nikasema ni mawimbi.

Hapo ndipo kiburi kiliniisha. Jioni ile, mbele ya hoteli ambako mtandao ulishika kidogo, nilirekodi msamaha. Mila au si mila, sikuweza kusubiri. Nilianza na yule ndege, maana ndiye aliyekuwa kichwani, nikazunguka, nikajikwaa, mwishowe nikasema: "Mama, lile neno nilisema kwa uchovu na kwa ubaya. Hakuna anayeweza kunilipa nikakuacha. Nikirudi nakuja Buffalo, nakaa, nakuogesha mimi. Nisamehe. Nimepiga magoti hapa kwenye mchanga, watu wananishangaa." Nilikuwa nimepiga kweli. Dakika nne.

Asubuhi jibu lilikuwa limefika, kutoka kwenye simu ya Mama. *Amesikia.*

Nilipiga vigelegele mle chumbani, bibi akagonga ukuta kwa fimbo. Nikaandika: anasemaje? Baada ya saa moja: *Amefurahi. Anasema piga picha nyingi, akuone.*

Mama yangu alikuwa na siku nne kwenye friji.

Nikapiga picha! Yesu wangu, nilipiga picha. Nilipiga mijusi, samaki, mikaktusi mirefu kama miti, mikono yangu, viatu vyangu, bibi akilala mdomo wazi. Nilimwomba kila mtalii anipige. Siku ya tisa, kwenye shamba la kobe, nilijilaza ubavu nyuma ya kobe mmoja mzee, nikaweka kidevu mkononi kama bibi harusi, nikacheka na meno yote. Nikaituma kwa Mama, halafu nikaitundika Fesibuku waione wote walionijua foleni ya maji. Baadaye nililinganisha saa. Ilipanda mtandaoni watu wakiwa makaburini, karibu na Lackawanna, nje kidogo ya Buffalo, simu zao mifukoni zinatetemeka.

Mwanamke mmoja wa kanisa la Columbus aliandika chini ya picha: Mungu akutie nguvu dada. Nikadhani ni kwa ajili ya kupanda milima. Nikamjibu, amina, nguvu ninazo! Baadaye maneno yake yakatoweka. Nadhani walimfokea ayafute.

Siku ya kumi na mbili nilimfikisha bibi kwake, nikaenda kwangu. Mlango wa apatimenti yangu ulikuwa wazi kidogo. Jirani yangu, mama wa Kikongo, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Nje mlangoni kulikuwa na viatu jozi saba, na jozi moja niliifahamu: ya mjomba, nyeusi, iliyokanyagwa kisigino. Ndani walikuwa wameketi kwa kufuatana ukutani. Jirani alikuwa na sahani ya wali.

"Kula kwanza, mwanangu," mjomba akasema.

Nikajua. Mtu yeyote wa kwetu angejua. Nilisimama na ile kofia yangu nikaangalia ule wali unavyotoa moshi.

"Lini?"

"Kula."

"Mjomba, lini?"

"Jumanne ile," akasema. Akaongeza tarehe, maana zilikuwa zimepita Jumanne mbili.

Sikuanguka. Nilianza kuhesabu. Jumanne, gari la kamba. Jumatano, ndege. Ijumaa, msamaha. Jumamosi, Amesikia. Nikawauliza, nani ameandika amesikia? Wakatazamana. Mjomba hakujua ninaongea nini, namwamini hadi leo. Nikampa simu asome mwenyewe. Mzee wa watu alisoma polepole, midomo ikitikisika, akanirudishia simu bila kuniangalia usoni.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, gari la mjomba. Columbus tulisimama kwake kubadilisha nguo. Mke wake akanikumbatia akalia, mimi nikabaki kama gogo. Kutoka hapo hadi Buffalo sikufungua mdomo. Mimi! Mjomba alianza kusema ilibidi wazike, dada yako alishikilia, nami nikaongeza sauti ya redio.

Alitupeleka kwanza makaburini. Nyasi zilikuwa zimelowa, mawingu yamekaa juu ya vichwa. Kulikuwa na vilima viwili vipya vya udongo, kila kimoja na kibao kidogo cha plastiki, mvua imefuta wino. Mjomba alionyesha kimoja. Nikapiga magoti, kitenge nilichokuwa nimemnunulia Mama kabla ya safari nikakitandaza juu, nikasema yote niliyokuwa nimeyahifadhi. Nilisema kwa Kirundi changu kibovu. Nililia hadi nikakwaruza udongo kwa kucha. Ikapita kama nusu saa, akaja mtoto wa dada yangu, msichana wa sekondari, ambaye mama yake alikuwa amemtuma atufuate. Akasimama pembeni, akanigusa bega, akasema kwa Kiingereza, kwa aibu:

"Mama mdogo, bibi ni yule pale."

Mjomba akashika kichwa. Nilikiondoa kitenge kwenye kaburi la mtu nisiyemjua, kikiwa na tope, nikakihamishia kwa Mama. Machozi yalikuwa yamekwisha. Nilimpa Mama magoti makavu.

Dada yangu alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Hakuinuka. Mikono yake ni ya Mama, vidole vile vile. Nilifunga mlango, watu wakabaki sebuleni.

"Kwa nini hamkunisubiri?"

"Mama hawezi kukaa kwenye friji akimsubiri mtalii."

"Na kuandika? Mjomba alisema mseme amelala. Nani alikutuma uandike amefurahi?"

"Hukufurahi?" akauliza. "Nilikuona ulivyofurahi. Tulikuona wote, na kobe wako. Watu wamevaa nyeusi, simu inapita mkono kwa mkono."

"Dada, roho yako imetengenezwa na nini?"

Hapo aliweka kisu chini. Alisema bila kupandisha sauti, na nilitamani apandishe. "Siku tulipokimbia nilikuwa na miaka sita. Wewe ulibebwa. Mimi nilitembea, siku tisa, na kila nilipolia Mama aliniambia nyamaza utamwamsha mdogo wako. Nimefika Marekani, bado natembea. Nimembeba ngazi hizi akienda na akirudi. Nimemfuta. Wewe unapiga simu Jumapili, anachangamka siku nzima, ananisimulia mimi kwamba mtoto wake amepiga. Halafu unamwambia yule anakulipa. Alilia siku mbili. Nani alimbembeleza? Kobe?"

Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyonitia wazimu zaidi.

"Nilisikiliza dakika zako nne," akaendelea. "Mbili nzima unaongelea ndege."

"Ule wa kwanza," nikasema. "Wa milimani. Mama alikuwa hai. Aliusikia?"

Akachukua kisu, akamenya ndizi hadi mwisho. "Aliusikia. Nilimwekea sikioni, mara tatu aliutaka."

"Akasemaje?"

"Alisema neno."

"Neno gani?"

"Neno la kukupa wewe. Alisema mwambie mdogo wako hivi. Akaniambia." Alinitazama sasa, macho makavu kabisa. "Nami sikuambii."

Nilidhani ni hasira za msiba. Nilimngoja ale, nilimngoja alale, nilimngoja hadi watu waondoke. Nilipiga magoti jikoni kwake, yale magoti niliyomwekea Mama, nikampigia yeye, na watoto wake wakiona. Aliniruka akaenda kuosha sufuria.

Kazini nilikuwa nimepewa siku tatu. Nilikaa kumi. Niliporudi Louisville bibi yangu alikuwa na mwanamke mwingine jikoni, Mnepali, mpole. Bibi alinipa pole kwa moyo, alilia hata, akaniambia angesema mapema kama angejua habari ya kifo. Halafu akasema mtu wa umri wake hawezi kukaa siku kumi bila mtu. Sikumlaumu. Nilirudi kwenye maboksi.

Mwaka uliofuata mjomba aliita kikao Columbus, yeye na mchungaji na wazee wa kanisa, kutupatanisha. Nilieleza kila kitu. Wakamgeukia dada yangu: mama, kama marehemu aliacha neno, wape watu. Dada yangu alifungua mikono yake, mnyenyekevu, leso kichwani. "Wazee wangu, hakuna neno. Mama alikuwa amechoka, hakusema kitu. Mdogo wangu ana majonzi, anasikia vitu." Wakaniombea. Waliniwekea mikono kichwani, wakaomba Mungu anitulize akili. Tulipokuwa tunavaa makoti kwenye korido, watu wameshatangulia, aliinama karibu nami afunge zipu ya buti.

"Lipo," akanong'ona.

Miaka imekwenda. Nampigia kila Jumapili, kama nilivyompigia Mama. Anapokea. Anaulizia hali ya hewa ya Louisville. Siku akiwa na raha nzuri anasema, "Leo nimelikumbuka lile neno," halafu anaongelea bei ya nyama. Nimejaribu kila njia: nimemtukana, nimemtumia zawadi, nimemwambia sitaki tena kulijua. Lile la mwisho alilicheka sana. Wakati mwingine naamini Mama alinisamehe, ndiyo maana dada ananinyima. Wakati mwingine naamini Mama alinilaani, na dada yangu, kwa huruma aliyonayo moja tu maishani, ananificha. Naamka na moja, nalala na jingine.

Majira ya baridi yaliyopita alishikwa na moyo akiwa dukani. Mtoto wake alinipigia, nikaendesha hadi Buffalo kwenye barafu, peke yangu, bila kusimama hata Columbus, kichwani nikiwa na lile neno tu. Nilikaa kando ya kitanda chake hospitali siku mbili. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimwogesha, nilimfuta kila kitu, kwa mikono hii, na manesi wakasema hawajawahi kuona ndugu wanaopendana namna hii. Mchana wa siku ya pili alifungua macho. Nilikuwa nimeinama namwombea, midomo karibu na sikio lake.

"Unaogopa nisije nikafa?" akauliza.

"Naogopa, Dada. Naogopa sana."

Alinisoma usoni kwa muda mrefu, akaridhika.

"Vizuri," akasema, akageukia ukutani. "Ogopa."